Dakika Ishirini

Simu iliingia saa mbili, nikiwa Gerezani,
mikono ndani ya giaboksi ya mtu.
"Fundi, trekta limezima tena. Njoo ushuhudie wizi."
Ushuhudie, alisema. Hakusema utengeneze.

Nikabeba spana, bisibisi, chupa tupu ya jemu,
na Semeni, mwanafunzi wangu, mwenye maswali kuliko boliti.

Msongola, nusu ya shamba imegeuzwa, nusu imelala,
na jembe limenasa katikati ya mfuo
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Mama Rweyongeza kasimama na mwavuli.
Mwinjuma, dereva, kakaa juu ya tairi, kofia mapajani.
"Usiku anauza dizeli yangu, anajazia mafuta ya taa."
Majirani watatu wakatikisa vichwa.
Watu hufika upesi
penye mashine mbovu na jina la kuchafua.

Sikujibu. Nikamuuliza Mwinjuma:
huzima ghafla, au hufifia?
"Hufifia. Dakika ishirini hivi, linakosa nguvu,
linakohoa, linalala. Ukilipumzisha linaamka.
Ukilima, linarudia."
Dakika ishirini. Nikaitia mfukoni.

Nikafungua koki chini ya tangi, nikakinga chupa,
nikaiinua juani.
Maji na dizeli hawachangamani
hata ukiwalaza kitanda kimoja: maji huzama chini.
Hapakuwa na maji. Rangi ya chai isiyokolea.
Nikanusa. Nikasugua kati ya vidole: yanateleza.
Mafuta ya taa yangeacha ngozi kavu.
"Ni dizeli tupu, mama."
"Angalia vizuri."

Tukaangalia vizuri.
Filta: vumbi la kawaida, si la kuua.
Mpira wa kutoka tangini: haukupasuka, haukusinyaa.
Semeni akalegeza skrubu ya kutolea upepo,
nikapiga pampu ya mkono, paka, paka, paka,
likatoka povu, tena povu,
kisha uzi mwembamba wa dizeli usiokatika.
"Kaza." Akakaza.
Stata. Likanguruma. Moshi mweusi, kisha hewa tu.
Majirani wakapiga makofi.
Bado, nikawaambia. Mwinjuma, lima.
Nami nikasimama nyuma yake, nikishika chuma cha kiti,
nikiangalia saa.

Dakika ya kumi na nane sauti ikaanza kuzama
kama redio iliyokwisha betri.
Likiwa linakata roho nikainama mbele,
nikashika kifuniko cha tangi, nikakizungusha robo.

Fyuuu.

Upepo ukaingia kwa pupa,
na trekta likashtuka, likavuta pumzi, likarudi.

Kifuniko kina tundu, upana wa njiti ya kiberiti.
Mafuta yakitoka, hewa sharti ichukue nafasi.
Humo nyigu alikuwa amejenga:
udongo uleule wa Msongola, kaubeba kwa kinywa
tonge kwa tonge, akamfungia mwanawe ndani.
Tangi likawa linanyonywa huku limebanwa pua.

Nikachokoa kwa waya wa breki ya baiskeli.
Vumbi jekundu, na funza mmoja, mweupe, hai.
Nikamwonyesha Mama Rweyongeza mwizi wake kiganjani.
Hakucheka. Akakunja mwavuli, na jua lilikuwa palepale,
akauliza bei. Nikataja.
Akalipa bila kupunguza hata mia.
Hapo ndipo nilipojua kaumia.

Mwinjuma hakumwambia neno.
Mwinjuma naye hakudai.
Akavaa kofia, akashusha jembe
palepale lilipokuwa limenasa.
Nilisubiri dakika ishirini. Nikaongeza tano.

Njiani kurudi Semeni akauliza
kwa nini hatukuanza na kifuniko,
kitu cha kufungua kwa mkono mtupu.
Nikafuta vidole kwenye suruali.
Nikamwambia:
kwa sababu nami, nilipofika,
nilianza kwa kunusa mafuta ya taa.